Ildefons Mwesiga na Rangi ya Rweya

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mpiga picha. Ildefons Mwesiga, wa Buhembe, hapa Bukoba. Kama uliwahi kukaa sebuleni kwa mtu, ukaona ukutani picha ya mto uliozungukwa na nyasi za dhahabu, ukadhani ni Ulaya, ulijidanganya. Ule ni mto Ngono. Ngono wetu huu huu, kule Izimbya.

Mzee Ildefons alizaliwa Muleba. Ukutani kwao palikuwa na kalenda ya Ulaya: mto, na miti yenye majani mekundu, msimu wao wa majani kupukutika. Mwaka uliisha, kalenda haikubanduliwa. Alipokua akasema, kwani sisi hatuna msimu wa rangi? Tunao. Mwezi wa saba jua likishika, rweya, ile mbuga yetu ya nyasi, hugeuka dhahabu hadi ukingoni mwa mto.

Basi kila kiangazi alikwenda mtoni Ngono, mkewe Mama Alistidia akimbebea stendi ya kamera. Alikuwa mgumu mzee yule! Hapigi picha jua likiwa utosini, anangoja liiname. Na mto hakuuweka katikati ya picha hata siku moja. "Mgeni haangukii katikati ya sebule," alikuwa akisema. "Anaingia kwa mlangoni. Mto nao uingie kwa pembeni." Wakirudi nyumbani anaiweka picha kwenye kompyuta, anaongeza rangi kidogo, kama mtu anavyotia chumvi.

Kidogo, nasema. Mwaka juzi ile kidogo ikazidi. Picha yake ikatoka kwenye kalenda, nyasi nyekundu pyu. Watu wa Izimbya walioko mjini wakapiga simu nyumbani: jamani, rweya imeungua, ng'ombe watakula nini? Wengi walicheka. Mama Alistidia hakucheka. Alijua mumewe haongezi rangi kwa mbwembwe. Anaongeza kwa sababu haioni.

Kilikuwa kisukari. Kilishika macho, kisha kikashika figo. "Nilimuuliza, Baba Renatha, unaniona?" anasimulia mama. "Akasema, nakuona umbo, gauni sijui ni la rangi gani. Nikalia."

Tangu hapo mama akawa macho yake. Wanakaa wawili mbele ya kompyuta. Hapo punguza, hapo acha. Wanabishana mpaka chai inapoa.

Mwaka huu, mwezi wa tano, daktari aliiambia familia ukweli. Siku zilizobaki si nyingi. Mzee akaomba kitu kimoja tu: picha ya mwisho ya mto Ngono, rweya ikiwa imeiva. Lakini mwezi wa tano, wasikilizaji wapendwa, nyasi bado ni mbichi. Dhahabu ni mwezi wa saba. Na mwezi wa saba mzee asingeufikia.

Binti yao, Renatha, akatafuta gari wakaenda Izimbya. Wakamshika mkono mpaka ukingoni. Akaipanga picha kwa kuuliza. Mto unaingilia wapi? Jua limeinama kiasi gani? Kisha akauliza lile lililompeleka.

"Mama Renatha, imeiva?"

Mama Alistidia akatazama. Ng'ambo na ng'ambo, kijani kitupu.

"Imeiva, waitu," akajibu kwa upole wa Kihaya. "Mwaka huu mvua zimekatika mapema. Ni dhahabu tupu."

Mzee akabonyeza kamera. Nyumbani Renatha alimuuliza aongeze rangi kiasi gani. Akasema, "Usiiguse. Kama mama yako ameiona dhahabu, imetosha."

Alifariki mwezi wa sita. Msibani picha ile ilisimama karibu na jeneza, kijani vile vile. Watu wakanong'ona: mbona hii mzee hakuimalizia? Mama akawaeleza yote, bila kuficha neno.

Pole sana Mama Alistidia. Pole Renatha. Poleni wana Buhembe, na ndugu wote wa Muleba. Mungu ampumzishe kwa amani.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Mpendwa wako asiyeona akikuuliza, utamwambia unachokiona, au anachokihitaji? Nilimuuliza Mama Alistidia kama uongo ule unamsumbua, maana kila Jumamosi yeye huenda kuungama.

"Huwa naungama mengi," alisema. "Lile siliungami."