Kichwa cha Mtawala Asiyejulikana

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mji wetu, wakuu wa shule, wazazi, na ninyi wanafunzi mliokwisha kukaa kabla hatujasema mketi:

Tuanze kwa kukiri. Siku kikundi chetu kilipozaliwa, palikuwa na mjinga mmoja tu katika jumba hili la makumbusho, na wenzake wamepiga kura kwamba ndiye aisome risala. Ndiye huyu aliyesimama mbele yako.

KARIBU

Tumefurahi mpaka mlinzi wa mlangoni, ambaye hatujawahi kuyaona meno yake, leo amecheka mara mbili. Karibu sana. Ukiona kitu humu, kishike.

TULIKOTOKA

Kwa miaka kumi na tisa, kabati la kioo la ukumbini lilikuwa na kichwa cha mbao chenye kibandiko: "Sanamu ya mtawala asiyejulikana." Msomaji wako, kwa kuwa ndiye mwongozaji wa wageni, alimjua huyo asiyejulikana kuliko anavyomjua mama yake mzazi. Alisimulia vita vyake, hasira zake, hata sababu ya kukosa masikio. Siku hiyo ya kuzaliwa kikundi, aliwaamuru wanafunzi arobaini wainame kwa heshima.

Bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake hakuinama. Alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko.

"Baba, huyo mtawala wako ni kalibu ya marehemu mume wangu. Tulikuwa tunaivalisha kofia ili zishike umbo. Igeuze, utaona matundu ya misumari."

Tukaigeuza. Matundu saba, na alama ya karakana yao iliyokuwa mtaa wa nyuma ya jumba hili hili.

Mjukuu akauliza, "Mjomba, sasa vile vita alipigana nani?"

Tuliiomba ardhi ipasuke. Ikakataa.

TULIYOFANYA

Tangu hapo, kila Alhamisi ni Siku ya Kushika. Vitu vinatoka kabatini, na waliovitumia ndio wanaovifundisha: mpiga chapa mstaafu, fundi saa, na bibi yule, ambaye sasa tunamwita Mama Kofia. Watoto wanashika, wanauliza, kisha wanaigiza mitaa yao ilivyokuwa. Mchezo wa karakana ya kofia ulijaza watu mpaka madirishani! Mwalimu mmoja anasema mwanafunzi wake ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani sasa haushushi. Vibandiko kumi na vinne tumevisahihisha. Aliyeviandika tumemsamehe, maana ana mbwa mkali.

KINACHOTUKWAZA

Yote haya hufanyika katika chumba cha nyuma, kile chenye meza ndefu. Barua kutoka ofisini kwako inasema mwisho wa mwezi huu kitakuwa stoo ya viti vibovu. Viti hivyo tunaviheshimu, vingine vilivunjika tukiwa juu yake. Lakini Mama Kofia ana miaka themanini na mmoja, na wanafunzi wake sita ndio kwanza wamefika kwenye ukingo wa kofia. Chumba kikifungwa leo, ufundi huo wa mji wetu unaishia ukingoni.

OMBI

Ni moja tu: tuachie chumba.

Zawadi yako ni kofia iliyoshonwa humo na hao sita, ukingo ukamaliziwa na Mama Kofia. Kichwa chako walikikadiria kwa picha ya gazetini, kwa hiyo ikibana, mlaumu mpiga picha.

Mungu akupe afya, akuzidishie busara, na kila uendako usikose mlango ulio wazi. Ni sisi wako, Kikundi cha Siku ya Kushika, na neno la mwisho tunamwachia mkubwa wetu kwa umri. Wiki iliyopita afisa majengo alikuja kupima chumba, tukabishana naye saa nzima. Mwisho akasema, "Jamani, historia haihitaji chumba. Hata kabatini inakaa."

Mama Kofia akautoa uzi mdomoni, akamjibu bila kuinua macho:

"Kabatini ilikaa miaka kumi na tisa, mwanangu, ikatoka na vita visivyopiganwa. Humu imekaa mwaka mmoja, imetoka na kofia. Jua likiwaka, wewe utavaa ipi?"