Kengele Anaondoka Kabla ya Hukumu

Tunawaomba radhi wasomaji kwa ukimya wa muda mrefu. Jarida la watumishi wa mahakama halikutoka msimu uliopita, na sababu si uhaba wa karatasi. Tulikuwa tukingoja hukumu moja ili tumuage mwenzetu kwa moyo mweupe. Hukumu haijatoka, na siku yake ya kuondoka imefika.

Mwita kesi wa Mahakama Namba Mbili, ambaye sote tunamwita Kengele, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa kuwa mfagizi. Siku moja mwita kesi wa zamani alikaukiwa sauti, naye akaambiwa aweke ufagio chini ajaribu. Jina la kwanza alilolitaja lilisikika hadi kantini, na mpishi akaitika.

Mahakama Namba Mbili husikiliza makosa ya barabarani, na Jumatatu ni siku ya walevi. Kengele amewaona wa kila namna. Yumo mwalimu mkuu aliyekuja kujibu shtaka la kuendesha gari akiwa amelewa, naye alikuja akiendesha, tena amelewa, akaegesha mahali pa hakimu. Kengele alimfungulia mlango kwa heshima, akachukua ufunguo, akasema, "Mwalimu, leo umetupunguzia mashahidi." Yumo pia mfanyabiashara aliyefutiwa leseni asubuhi, akatoka na kuwasha gari lake palepale uani. Kengele alisimama mbele ya boneti mpaka akapatikana dereva mwingine.

Kazi yake kubwa haimo katika masharti ya ajira. Jamaa za washtakiwa walipomzonga koridoni, aliwaeleza adhabu bila kuipaka asali. "Faini ni ya aliyegonga ukuta, shangazi. Aliyeua mtu huhesabiwa miaka." Kisha aliwatuma wakanunue ndala, mswaki na kipande cha sabuni kabla hukumu haijasomwa, kwa kuwa gari la magereza halimngoji mtu. Wengi walimtukana kwa kuwatabiria mabaya. Baadaye walirudi kumshukuru kwa ajili ya zile ndala.

Mwaka huu kitinda mimba wake alitoka baa, akashika usukani, akamgonga fundi cherehani aliyekuwa akifunga kibanda chake. Fundi alifariki papo hapo. Hakimu wetu alijitoa katika kesi, akaletwa mwingine kutoka kituo cha mbali; Kengele naye akaondolewa zamu, kama utaratibu unavyotaka. Wakili alitaka kubishania kipimo cha pombe. Kijana alikataa, akakiri kosa. Waliyozungumza baba na mwana hatuyajui. Tunajua tu, kwa kinywa cha mke wa Kengele, kwamba alipomuuliza mumewe habari za faini alijibiwa vilevile kama yule shangazi wa koridoni.

Siku ya kuomba kupunguziwa adhabu, Kengele aliketi na wananchi. Mama wa marehemu alikuwa benchi la mbele. Kengele alimpelekea bilauri ya maji, kama anavyowapelekea wafiwa wote. Mama alijua anayempa ni nani. Aliipokea, hakunywa, wala hakuirudisha.

Karani aliyeshika zamu aliita jina la mshtakiwa mara tatu, lakini sauti yake haikuvuka mlango. Kijana alikuwa uani, na asiyeitika mara tatu hutolewa hati ya kumkamata. Hakimu alikuwa ameshashika kalamu. Ndipo Kengele alipoinuka, akainamisha kichwa kuomba ruhusa, akaita mara moja tu jina ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyempa mwanawe. Hata kantini ilinyamaza. Kijana akaingia. Kengele alipoketi tena, tuliona miguuni pake mfuko wenye ndala, mswaki na sabuni.

Hukumu iliahirishwa hadi mwezi ujao. Mfuko uko chini ya meza ya karani, kwa ombi la Kengele, na hakuna anayeugusa.

Ndugu Kengele, tunakushukuru kwa sauti yako na kwa ukweli wako. Kwa jamaa za fundi tunatoa pole isiyotosha. Wewe na mama watoto tunawaombea afya, na usingizi utakapokubali. Siku hukumu itakapotolewa tutaiandika hapahapa, kwa maneno yaleyale tuliyowaandikia watoto wa wengine, kwa kuwa ndivyo ulivyotufundisha.