Tsongo wa Bwera na Maji Yasiyo na Mtu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Tsongo. Tsongo wa Bwera, askari wa majini, mpiga mbizi. Wengi wenu mlimwona na mtungi wa hewa mgongoni, na wengi wenu, tusifichane, mlimkimbia. Alifariki Machi mwaka huu wa 2019, nyumbani kwake Bwera. Moyo ulisimama asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu.

Kazi yake ilikuwa kutoa watu majini. Waliozama. Mtumbwi ukipinduka Ziwa George, simu inapigwa kambini kwao Kasese, na Tsongo anapanda gari. Aliye hai hakuwa na haja naye. Pale Kahendero, kijiji cha wavuvi, walimjua vizuri mno. Akishuka tu na mtungi wake, kina mama wanaacha samaki na kuanza kuwaita watoto wao kwa majina. Siku moja alikwenda kununua ngege kwa ajili ya chakula cha mchana. Shati la kawaida, hana hata ndoo. Mama muuza samaki akamtazama, akaweka kisu chini, akauliza, "Ni nani?" Tsongo akasema, nimekuja kununua samaki, mama. Hakuamini. Alilia kwanza, ndipo akamchagulia ngege. Tsongo alimla huyo samaki bila hamu.

Mwaka 2011 wakubwa wake walimpeleka mafunzoni, pwani ya Kenya. Jumapili moja wakufunzi wakawapeleka kwenye matumbawe, mahali watalii wanapopelekwa kupiga mbizi. Marita, mke wake, anakumbuka alivyorudi.

"Aliniambia, Mama Masika, kule chini ya maji iko watu kama soko ya Mpondwe siku ya Ijumaa. Wazungu banamukanyaga ku bega, banapiga picha. Lakini akaniambia tena, nilizama na sikutafuta mutu. Niliona samaki tu. Halafu akasema anataka maji yake, ya hapa kwetu, yenye haina watalii na haina maiti."

Hicho ndicho alichokitaka, wasikilizaji wapendwa. Maji yasiyo na watalii. Maji ambayo hajawahi kuitwa kumtoa mtu. Si jambo kubwa, ukilisikia hivi hivi.

Basi akaanza kutafuta, siku zake za mapumziko. Mweya, ndani ya mbuga ya wanyama, haikufaa: boti za watalii huku, viboko kule, na kiboko humwombi njia. Ziwa George maji yake ni ya kijani kama mchuzi wa njegere, huoni hata kiganja chako. Ziwa la Katwe alilijaribu pia. Maji ya chumvi yakamsukuma juu kama kizibo, na wachimba chumvi wakapata cha kucheka. Na kila mara mtungi ukiisha hewa ilibidi usafiri kwa basi hadi Entebbe ukajazwe, kondakta akidhani ni gesi ya kupikia. Mtungi mmoja, jaribio moja. Alikosea mara nyingi.

Mwishowe alivuka daraja la Katunguru, akapanda kwenye vilima vyenye maziwa ya kreta, yale yaliyojaa kwenye mashimo ya volkano za kale. Huko, mwaka 2014, akalipata. Ziwa dogo, la mviringo, chini ya mashamba ya migomba. Hakuna kiboko, hakuna hoteli, hakuna boti. Maji meupe kabisa. Jina lake hatutalitaja, Marita ametuomba. Na lililompendeza Tsongo kuliko yote ni kwamba kijiji kile hakikumjua. Waliuona mtungi, wakauliza tu kama anauza dawa ya kupulizia kahawa.

Sasa, watu wa kazi hii wana kanuni. Mtu hazami peke yake. Tsongo alimwomba mwenzake wa kambini, Omara, waende wote.

"Aliniomba sana," anasema Omara. "Mimi namwambia, afande, mimi maji naingia kwa amri. Siku ya off, mimi nalala. Sasa hiyo maneno inaniuma."

Akabaki Marita, ambaye hajui kuogelea na anaogopa hata mto Lhubiriha. Marita akaketi juu ya jiwe ameshika kamba, na mumewe akazama peke yake. Alikuwa na kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuona, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

"Alikuwa anatoka na mikono tupu, anacheka," anasema Marita. "Kwa nyumba hakuwa anacheka vile. Nilikuwa naona wivu ya maji."

Wenyeji wakazoea kuja kumtazama. Tangu zamani walichota maji ukingoni na kuondoka, ziwa lile waliliogopa. Lakini huyu mgeni anaingia, anatoka, anacheka. Kijana mmoja mkulima, Kosiya, mwenye mke na shamba lake, akaanza kuingia naye. Kwanza magotini. Kisha kifuani. Tsongo alimkanya, akamwambia asiingie kama yeye hayupo. Kosiya akaitikia.

Septemba 2016 simu ikapigwa Kasese. Kuna mtu amezama. Dereva akalitaja ziwa. Tsongo akamwomba alitaje tena.

Siku hiyo Omara ndiye aliyeshika kamba. "Alivaa vizuri, polepole, kama kawaida. Alitoka na yule kijana, akamulaza kwa mukeka. Hakuangalia mutu. Aliingia kwa gari. Tulirudi mpaka Kasese."

Toka siku hiyo hakuzama tena kwa hiari yake. Aliomba kazi ya ghala. Njia ikielekea Katunguru, ana udhuru. Alimwambia Marita, "Waliniona nacheka, wakadhani hayo maji ni mazuri." Marita akamwambia waende kijijini wakatoe pole. Akakataa. Aliogopa macho yao. Akawa mtu wa kukaa uani, redio imezimwa, wageni wakija anaingia ndani. Inasikitisha, wasikilizaji wapendwa, na hatuna njia ya kuisema kwa upole zaidi.

Siku ya mazishi, pale Bwera, likaja gari limejaa kina mama. Walisikia tangazo letu. Mbele yao alikuwa Vasta, mama yake Kosiya. Marita anasema alijua wamekuja kumlaani marehemu. Vasta akaomba kusema, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akapewa nafasi.

"Bwana yangu alikuwa mvuvi. Ziwa kubwa ilimuchukua zamani, hakuonekana. Kwetu, mutu akikosekana tunazika mugomba. Mimi nilizika mugomba, nikalilia mugomba. Lakini Kosiya, nilizika Kosiya. Nilimuosha uso. Ni huyu alinipatia mutoto wangu. Hakungoja hata tumupe maji ya kunywa. Tulimungoja. Gari ikisimama kwa barabara, tunasema, ni yeye."

Marita hakulia hapo. Aligeuka akalitazama jeneza. Anasema alitamani kulifungua, ili Tsongo asikie.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Marita, kwa Masika na wadogo zake, kwa Omara na wote wa kambini, redio yenu inawapa pole. Poleni pia, mama Vasta na kijiji chako. Mungu ampumzishe Tsongo.

Nanyi mnaotusikiliza jioni hii, fikirini kidogo. Kama kuna mtu unamngoja aje umwambie asante, usimngoje. Inuka, umfuate alipo. Huenda kila siku anazunguka njia ya mbali, akidhani unamchukia.