Samaki Asiyetuliwa na Nzi

Mheshimiwa Bourgmestre wa komini yetu, Pasteur Constant, Imamu Yunus, mama na papa wa soko la samaki, na wewe Papa Eddy, mwenye depo hii mpya ya samaki tunayoifungua leo: Mungu awape amani.

Mmenipa mimi, Mama Orpha, rais wa mama wauza samaki, kazi ya kumsifu Papa Eddy. Bon, nitamsifu. Ni nani mwingine anayepokea samaki wa moshi kutoka Basoko, boti imechelewa, mvua imenyesha njia nzima, na asionekane hata funza mmoja? Nzi wanamheshimu! Wakikaribia rundo lake, wanageuza. Wateja nao wanashangilia: "Hii iko safi, haina hata nzi!"

Siku moja nikamkuta na pompi ya shamba mgongoni, ananyunyizia samaki dawa ya wadudu. Nikamuuliza, "Papa Eddy, na watu je?" Akacheka: "Mama Orpha, unaogopa nini? Hii dawa ni ya wadudu. Mutu iko na nguvu!"

Niwaambie kama siri, ingawa mmejaa hadi barabarani: alisema nusu ya kweli. Daktari Élise alinieleza kwamba ini letu linatengeneza kimeng'enya kiitwacho paraoksonasi. Kinatembea katika damu, kinavunja sehemu ya sumu za namna hii kabla hazijafika kwenye mishipa ya fahamu, tena kinasaidia kuzuia mafuta yasiharibu mishipa ya moyo. Mfanyakazi gani mwingine Kisangani anakesha hivyo bila kuomba pesa ya kahawa? Na Papa Eddy amemwongezea kazi bila hata kumsalimu!

Lakini mtoto mchanga ana kimeng'enya hicho kidogo tu. Mjukuu wangu Naomie hajatimiza mwaka. Jumapili mama yake alimsagia samaki wa Papa Eddy katika uji. Kufika jioni, mate yanamtoka, jasho linamtoka, pumzi inakatika. Yuko hospitali bado. Daktari Élise anasema atapona. Namshukuru Mungu. Papa Eddy, wewe sijui nikushukuru nini.

Unataka mzigo wa samaki uliomo humu uingie sokoni kesho, watu wapate kula siku ya Pasaka, na unatutegemea sisi tuubebe. Tumekuja wote, tumevaa pagne moja, kitenge cha sare, tumekupigia vigelegele. Sasa angalia vizuri: kuna mama hata mmoja aliyekuja na kitunga cha kubebea samaki?

Fukia samaki hao mbali na mto, mbele ya macho yetu. Mpaka hapo, kata utepe wako, Papa. Mlango utafunguka, na hakuna atakayeingia.

Kwa kunivumilia, wapendwa, asanteni.