Mwezi wa Masoud

Temeke, Shaabani ishirini na tisa, mwaka hamsini na tatu, jua limeshazama. Sie tuko kwenye benchi la Mwinshehe, muuza kahawa, shingo zote magharibi, tunautafuta mwezi wa Ramadhani. Mie Adelard, Mkristo wa Bukoba, sifungi. Ila nina cheti cha Makerere na barua saba za “no vacancy”, kwa hiyo muda wa kukodolea mawingu ninao tele. Zamani macho ya mtaa yalikuwa ya Mzee Masoud, mpishi wa meli: akisema kauona, watu wanafunga. Kisha mtoto wa jicho akamwingia, na mwaka juzi akatangaza kaona miezi minne kwa mpigo. Jina likamganda: Miezi Minne. Juzi karudi kutoka Ulaya, jicho la kulia limetiwa lenzi.

— Ule pale! — Masoud akanyoosha kidole. — Juu ya mnazi uliokatika kichwa. Mmoja tu, mwembamba kama ukucha.

— Mie naona wingu — akasema Jaffar, tunayemwita Wakili ingawa anauza mafuta ya taa. — Na ushahidi wako haupokelewi. Hilo si jicho, ni kioo cha eropleni.

— Plastiki, Wakili. Please! — nikamkata kauli. — Vitani vioo vya eropleni vilipasuka, vipande vikawaingia marubani machoni, na macho hayakuvikataa. Daktari akashtuka: kumbe! Akachonga lenzi ya plastiki ile ile, akaipachika alipomtoa mtoto wa jicho.

— Basi linaona mwezi wa London!

— Tena Gavana anachungulia humo humo — Mwinshehe akadakia. — Mzee, ukienda chooni lifumbe.

Benchi likaangua kicheko. Masoud hakuushusha mkono.

— Nipelekeni kwa imamu.

— Ukaseme miezi mingapi? — akauliza Wakili.

Hapo akatokea Mwajabu, muuza vitumbua, katoka Buguruni, kapu kichwani.

— Shikamooni. Mbona mmekaa? Buguruni ngoma zinalia, mwezi umeonekana! — Akakifuata kidole cha Masoud. — Si ule, juu ya mnazi! Sasa nyie wenye macho ya kuzaliwa, mlikuwa mnatazama wapi?

Wakili akazikagua ndara zake. Mie na cheti changu tukaugeukia mnazi. Mwinshehe akaliinamisha birika, likatoa kikombe cha mwisho.

— Miezi Mi… — akajing'ata ulimi. — Mwezi Mmoja, pokea kahawa. Ukimaliza tuongoze kwa imamu.