Vashti Pettigrew na Bamba la Bandani

Mchungaji, ndugu na majirani mliokuja kumsindikiza mama yetu, mimi Harlan, mwanawe wa pili, nitawasomea maisha yake kama yalivyokuwa, maana hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu Vashti Loomis alizaliwa tarehe 14 Machi 1903, kaunti ya Sunflower, Mississippi, akasoma shule ya kanisa hadi darasa la tano, kila mwaka akikatizwa na msimu wa pamba.

Oktoba 1929 kampuni ya fanicha ya Halstrom, huko Wisconsin, iliyokuwa ikitoa santuri za muziki wa bluzi ili watu weusi wanunue kabati zake za gramafoni, iliipenda sauti yake, ikampandisha treni, akaimba kiwandani katikati ya harufu ya gundi, ikatoka santuri moja yenye jina lake, na nakala pekee aliyopewa ikavunjika safarini akirudi.

Tarehe 6 Juni 1931 alifunga ndoa na Bw. Elzie Pettigrew, wakajaliwa Cleotha na mimi, kampuni ikafa 1933, nasi 1936 tukahamia Milwaukee, huko huko Wisconsin, mama akapata kazi za ndani kwa mjane wa meneja wa Halstrom.

Huko, akiokota mayai, alikuta banda la kuku limezibwa kwa mabamba ya shaba yaliyokuwa yakitumika kuchapia santuri, na kwenye moja akasoma namba ya wimbo wake, akaliomba, yule mjane akamjibu, "Vashti, ukilitoa hilo kuku wangu watapigwa na baridi."

Jioni alimwambia baba, "Kumbe mwenzio nilipanda treni nikawaimbie kuku," tukacheka, yeye hakucheka. Aliendelea kuokota mayai hapo hadi 1951, banda lilipobomolewa, baba akalileta bamba nyumbani likiwa na matundu ya misumari.

Mwaka jana wakusanyaji wa santuri za kale walikuja kutoka New York, wakashangaa kumkuta hai, wakaulizia bamba lenye sauti yake kabla ya kumjulia hali, naye akawaambia, "Wanangu, miaka yote nilikuwa hapa hapa, nafua mashuka ya watu."

Alianza kuugua moyo Novemba 1970, akafariki tarehe 9 Februari 1971. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na akina mama wenzake wa kazi za ndani waliokesha naye kwa zamu.

Nanyi mabwana wa New York mlioketi nyuma, ahsanteni kwa maua, ila msitusubiri nje, bamba limo jenezani, kifuani pake, kama alivyoagiza.

Mama, pumzika kwa amani, na sauti yako uende nayo.