Daktari Szendrei Piroska, Aliyeisimamisha Dawa Yake Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 mjini Hajdúböszörmény, mtoto wa pili wa fundi wa reli Szendrei Gergely na mkewe Margit, akasoma shule hapo hapo, hadi mwaka 1974 baba yake alipoanguka mezani mkononi akiwa na mkate wa mafuta ya nguruwe, moyo ukasimama, na tangu siku hiyo binti huyu hakuacha kuuliza kwa nini.

Aliingia chuo cha udaktari Debrecen mwaka 1979, akahitimu 1985, akagundua kwamba amerithi ugonjwa wa baba yake wa lehemu nyingi, yaani kolesteroli, kwenye damu, basi akahamia maabara kuzichunguza seli za ulinzi, zile zinazomeza uchafu mwilini, ambazo zikilemewa na lehemu huvimba, hukwama kwenye kuta za mishipa na kuiziba. Yeye na wenzake walifuatilia vipokezi vilivyomo ndani ya kiini cha seli hizo, ambavyo huitambua lehemu ikizidi na kuamuru itolewe nje.

Alifunga ndoa na mwalimu Bakó Tihamér tarehe 20 Juni 1987, wakajaliwa binti, Emőke, mwaka 1990, naye akarithi ugonjwa ule ule.

Ndiyo maana mwaka 2003, dawa yao ya kuviamsha vipokezi ilipoisafisha mishipa ya panya, Piroska alicheza dansi ukumbi mzima wa maabara, lakini alipowapasua aliyakuta maini yamejaa mafuta, meupe. Mkuu wa mradi akamsihi, "Piroska, dada yangu, hao ni panya tu, usituharibie." Akajibu, "Dawa hii naisubiri mimi na mwanangu kuliko nyote humu. Lakini mtoto wa mwenzangu simpi ini la namna hii." Akapanda jukwaani kwenye mkutano wa wanasayansi, akasema yote, mradi ukafungwa, na jioni Tihamér alimkuta jikoni akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016, akapasuliwa, akarudi kazini kutafuta njia ya kuviamsha vipokezi kwenye seli za ulinzi pekee bila kuligusa ini, akafariki hospitalini Debrecen tarehe 11 Novemba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Emőke, ambaye anatumia dawa nyingine tangu usichana, na mishipa yake iko wazi.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliotuletea kabichi zilizojazwa nyama, na wenzake wa maabara, akiwemo mwanafunzi wake Kincső, ambaye hayupo hapa kwa sababu seli zinazokuzwa maabara hazijui msiba, nazo asubuhi hii zilihitaji kulishwa.

Pumzika, Piroska, umechoka kwa haki.